Picha Haina Kikanushi

Siku moja nilialikwa kukitembelea kiwanda kimoja cha mkoa huu wetu wa Tanga. Jina lake sitalitaja, wala zao linalosindikwa humo, kwa kuwa ugomvi wangu si na kiwanda kile bali na wazo nililolikuta humo, na wazo hilo limeenea. Kando ya kila mashine palikuwa na kishikwambi kilichofungwa kwenye nguzo, na juu ya kioo chake picha safi za rangi: swichi, mkanda, kifuniko, mkono. Chini ya kila picha palikuwa na mistari miwili mitatu ya Kiingereza. Nilipouliza Kiswahili kiko wapi, mwenyeji wangu alinijibu kwa upole uliochanganyika na fahari: "Mwalimu, picha ipo. Picha haina lugha. Kila mtu anaielewa."

Nikamwendea kijana aliyekuwa kwenye zamu, mgeni wa wiki moja pale kazini, nikamwomba anisomee picha ya tatu. Ilionyesha mkono ukiingia ndani ya mashine iliyoondolewa kifuniko, na juu ya mkono ule X kubwa nyekundu. Kijana akaitazama, akasema: "Hapa ndipo pa kushika, Mzee. Pametiwa alama."

Mistari ya Kiingereza chini ya picha ile ilikuwa ikimkataza kutia mkono kabla mashine haijasimama.

Tangu siku ile sijapata raha na usemi wa kwamba picha ni lugha ya watu wote. Naandika haya nikiwa Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, kwanza kuupinga usemi huo, na pili kuwashitaki walioutazama ukienea wasiseme neno. Washitakiwa hao, ndugu zangu washairi na wapenzi wa lugha, ni sisi.

Tuanze kwa kukielewa chombo chenyewe. Viwanda vingi siku hizi huendesha kazi zao kwa programu ya kompyuta. Ndani ya programu hiyo kila bidhaa ina orodha ya hatua za kuitengeneza, na kila hatua ina maelekezo yake: fanya hili, kisha lile, pima hiki, andika kile. Hatua moja huweza kuungwa na picha, na mchoro, au na waraka mzima. Mfanyakazi anagusa kioo, na kinachohitajika kinamfungukia pale pale aliposimama. Ni jambo jema. Zamani waraka wa mashine ulikaa kabatini mwa ofisi ya fundi mkuu, ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwa fundi mkuu, na fundi mkuu alikuwa amesafiri. Sina ugomvi na teknolojia iliyoutoa waraka kabatini.

Lakini kuunga kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuiweka picha yenyewe ndani ya kumbukumbu ya hatua ile, vikawa kitu kimoja. Ya pili ni kuiacha picha ikae kwingine, katika jalada la kompyuta nyingine, na kuandika ndani ya hatua njia ya kuifikia tu. Namna hii ya pili ni nyepesi, tena ina faida: mchoro ukirekebishwa mahali pamoja, hatua zote zinazouelekea hupata mchoro mpya. Bali siku mtu akilibadili jina jalada lile, au akilihamisha, njia haifiki popote. Mfanyakazi anagusa, na kioo kinamwonyesha mraba mtupu.

Watafsiri wetu wa haraka hukiita hicho "kiungo kilichovunjika", kwa kuwa ndivyo Kiingereza kisemavyo. Kiswahili kina lake. Kiungo ni pale mfupa unapokutana na mfupa: goti, kiwiko, kifundo cha mguu. Kiungo tena ni kile kitiwacho mchuzini vitu mbalimbali vikawa chakula kimoja. Mfupa huvunjika, kiungo hutenguka. Kilichovunjika kimekuwa vipande, bali kilichotenguka ni kizima pande zote mbili, ila pande hizo hazikutani. Picha iko salama mahali pake, maelekezo yako salama mahali pake, na baina yao hapana kitu. Neno hilo moja, *kutenguka*, linamwambia fundi hitilafu aitafute wapi: asiitafute kwenye picha wala kwenye maandishi, aitafute njiani. Hii ndiyo kazi ya lugha kiwandani, nayo si kazi ya kupamba.

Nasema basi kwamba kiungo kilichotenguka vibaya zaidi katika viwanda vyetu hakimo ndani ya kompyuta. Ni kile cha picha na neno la Kiswahili.

Hapa Amani jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, na moja ya kazi za taasisi za namna ile ni kukusanya mimea. Tawi hubanwa likakaushwa, hubandikwa juu ya karatasi, na pembeni mwake hubandikwa lebo yenye jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, na jina la aliyeuchuma. Tawi hilo linaishinda picha yoyote, maana ndilo mmea wenyewe. Lakini iondoe lebo, utabaki na jani kavu. Hapana mtaalamu atakayeweza kukuambia lilitoka bonde lipi wala mwaka gani. Mwaka 1950 hazina ya mimea iliyokuwa Amani ilihamishiwa Nairobi. Ilishuka mlima, ikavuka mpaka, na lebo hazikubaki nyuma, kwa kuwa kila moja ilikuwa imegandishwa kwenye karatasi moja na mmea wake. Wale waliotumia gundi walielewa kuunga kuliko sisi tunaotumia waya.

Tena mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi hapa hapa Amani, P. J. Greenway, alitunga kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili pamoja na majina yake ya kisayansi na ya Kiingereza, ambayo toleo lake la 1940 bado linatajwa na watafiti. Kamusi ya namna hiyo haitungwi ili kuwafurahisha washairi. Hutungwa kwa sababu mti una jina katika kinywa cha mtu anayeujua msitu, na pasipo jina hilo kazi ya mtaalamu haiendi. Zama za kikoloni, ambazo hazikutuheshimu, zilijua kwamba Kiswahili ni kifaa cha kazi. Sisi tulio huru tunabandika picha pasipo neno letu, na kuiita hali hiyo maendeleo.

Sasa nije kwenye kiini. Picha inajua kuonyesha. Hii ni swichi. Huu ni mkanda. Nati ni hii, si ile. Kwa kazi hiyo naiheshimu, na maneno mia hayatamfahamisha mgeni umbo la nati kama picha moja ifanyavyo. Lakini maelekezo ya kazi hayaundwi kwa majina ya vitu peke yake. Yanaundwa kwa vitenzi, na kitenzi kina mambo matatu ambayo picha haina: kina wakati, kina sharti, kina kikanushi.

Lichukue neno *usipoizima*. Ndani yake yumo mtu anayeambiwa, kimo kikanushi, limo sharti, imo mashine, na limo tendo. Yote hayo kwa silabi sita. Lipige picha neno hilo. Utapiga picha ya nini? Ya swichi iliyozimwa? Hiyo ni *ukiizima*. Ya mkono uliojeruhiwa? Hayo ni matokeo, na anayeyaona hajui yametokana na nini. Ukizipanga picha mbili hizo moja baada ya nyingine, mtazamaji anaweza kuelewa kwamba mtu aliizima mashine, kisha akaumia. Kinachokosekana ni uzi unaoliunga tendo na matokeo yake. Uzi huo ni *-sipo-*, nao haupigiki picha. Methali yetu ya ufa na ukuta imesimama juu ya kiambishi hicho hicho. Mtu akikuchorea ufa na ukuta mpya, utadhani ni tangazo la fundi mwashi.

Mtu atanijibu kwamba ziko alama za kimataifa za usalama: duara jekundu lenye mstari wa mshazari hukataza, pembetatu ya manjano huonya, duara la buluu huamuru. Ziko, tena ni njema, na hapo kikanushi kimechorwa. Lakini mstari ule wa mshazari si picha ya kitu chochote. Ni neno lililoandikwa kwa wino mwekundu, na kama maneno yote sharti lifundishwe ndipo lisomeke. Tena likishafundishwa, linajua kukataza kwa jumla tu: usivute sigara, usipite. Halijui kusema usipite *mpaka* taa izime, wala usifungue *kabla* mvuke haujatoka, wala usiguse *hata kama* imenyamaza. Na mashine haimwumizi mtu kwa jumla; humwumiza katika dakika ile iliyo baina ya *kabla* na *baada*.

Ndiyo maana sikumcheka kijana yule. X nyekundu ameiona wapi maishani mwake? Kwenye daftari la shule ni kosa. Kwenye ukuta wa nyumba iliyo kando ya barabara ni ilani ya kubomolewa. Kwenye gunia sokoni ni alama ya mwenye mali: hili ni letu, shika hili. Alichagua maana moja kati ya hizo, na pale mbele yake hapakuwa na neno hata moja alilolijua la kumwambia ni ipi. Aliyekosea ni aliyeamini kwamba alama huzaliwa na maana yake.

Yako pia mambo ambayo jicho haliyafikii kabisa. Nitoe mfano wa kazi ya chai, kwa kuwa milima hii ni ya chai, bila kukikusudia kiwanda chochote. Chai nyeusi hupatikana kwa hatua: majani hunyaushwa, husagwa, huachwa yachachuke, hukaushwa, kisha huchambuliwa kwa madaraja. Katika hatua ile ya kuchachuka rangi huondoka kwenye kijani ikaelekea shaba, na harufu nayo hugeuka. Ipige picha rangi ile: chini ya taa hii ni shaba, chini ya taa ile ni kahawia, na juu ya kioo chenye vumbi ni tope. Ipige picha harufu: huwezi. Lugha inaweza, kwa sababu lugha hufananisha. *Yakinukia nyasi iliyokatwa sasa hivi, bado. Yakinukia tunda lililoiva, yatoe. Yakinukia uchachu, umechelewa.* Hiyo ni tashbihi, nayo hapo haikuwekwa kwa urembo. Imefanya kazi ya mizani na kipimajoto. Na ni nani katika nchi hii aliyefundishwa kuipima tashbihi, kuijua ile inayogusa na ile inayopapasa, kama si washairi?

Kabla sijawageukia, niseme jambo la haki. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini hebu fikiri mtu aumie kazini leo, na shauri lifike mbele ya hakimu. Ataulizwa kwa Kiswahili kwa nini hakuyafuata maelekezo aliyopewa kwa Kiingereza. Lugha yake itamfikia baada ya kidole kuondoka. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwa wahenga sharti la kwanza la methali hiyo ni kwamba mkuu amesema, tena amesema kwa lugha inayosikika. Mkuu aliyenyamaza, au aliyesema kwa lugha isiyofahamika, hana haki ya kuitumia methali hiyo. Ndipo huikimbilia nyingine: ajali haina kinga. Hii nimeisikia mara nyingi mno kwenye vinywa vya watu ambao kinga ilikuwa mikononi mwao, nayo ilikuwa sentensi moja ya Kiswahili.

Nimezisikia hoja za upande wa pili, na nitazijibu moja moja.

Ya kwanza husema wafanyakazi wengine hawasomi, kwa hiyo picha ndiyo huruma. Huruma hiyo imekosea njia. Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo. Panapo mtu mmoja anayesoma katika zamu, kumi watasikia. Na kishikwambi kile kile kinachobeba picha kinabeba sauti pia. Iungeni sauti na hatua: sauti ya fundi mzoefu, kwa lafudhi ya watu wa pale, ikisema *ngoja mpaka isimame*. Anayeielewa Kiswahili kwa sikio asinyimwe lugha kwa sababu jicho lake halijazoea herufi.

Ya pili husema Kiswahili hakina istilahi. Mwaka 1963 Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare. Lugha iliyoubeba usaliti wa Roma hushindwaje kubeba spana? Nendeni gereji yoyote ya Tanga mkasikilize: nati, bolti, beringi, fyuzi, bisibisi, gia, mkanda. Mafundi hawakuingoja kamati. Na hata pale kamati ilipotangulia, neno huishi likipewa kazi. *Kishikwambi* kilichekwa sana kilipotangazwa. Ikaja sensa ya mwaka 2022, makarani wakapita nacho nyumba kwa nyumba, na leo mtu anakitamka pasipo kutabasamu. Neno halikupata uhai kamusini. Lilipata uhai mikononi mwa karani mwenye kazi.

Uko ushahidi mwingine, nao unanifurahisha zaidi. Utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi, ambao umejengwa juu ya maneno matano yanayoanza kwa sauti ya S, uliingizwa katika hospitali zetu. Aliyeutafsiri angaliweza kutuletea maneno matano yoyote. Badala yake tulipewa haya: *sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia*. Yatamke kwa sauti. Takriri ya herufi ile ya kwanza imehifadhiwa, yote matano ni vitenzi vya kuamrisha, na muuguzi akishayasikia mara mbili hayamtoki. Sijui kama mtu huyo aliwahi kutunga shairi, lakini alifanya kazi ya mshairi mahali pa kazi, wala hakuna aliyemdharau kwa hilo.

Ya tatu ndiyo hoja nzito, nami naiheshimu. Husema: tukiwa na lugha mbili, tutakuwa na nyaraka mbili, ya Kiingereza itarekebishwa hadi toleo la tano, na ya Kiswahili itabaki toleo la tatu, na waraka wa zamani unaoaminiwa ni hatari kuliko kutokuwa na waraka. Ni kweli tupu. Lakini hoja hiyo haikipingi Kiswahili. Inapinga kukifanya Kiswahili kiwe mkia. Programu hizi zina namna ya kuzuia hatua isitumike hadi iidhinishwe. Basi iwekwe kanuni kwamba hatua haiidhinishwi mpaka picha yake, Kiingereza chake na Kiswahili chake vyote viwe na nambari moja ya toleo na tarehe moja. Kikibadilika kimoja, vyote vinafungwa hadi vipatane. Hiyo ni gundi ya Amani: mmea na lebo kwenye karatasi moja. Na wanaouliza gharama, waulize pia gharama ya kusimamisha mashine nusu siku kwa sababu mtu alielewa kinyume.

Ya nne haitoki kiwandani. Inatoka kwetu. Husema: kazi hiyo ni ya makarani na watafsiri, haina sanaa ndani yake, mshairi asijishushe. Hapa ndipo ninapokasirika.

Tunabishana miaka na miaka kuhusu vina na mizani, kama shairi lisilo na arudhi ni shairi au si shairi, na mabishano hayo yana utamu wake, nami nimo. Lakini huku tukibishana, lugha ya mahali ambapo watu wetu hushinda saa nane kwa siku imeachwa yatima. Nani alitufundisha kwamba kuelekeza si kazi ya ushairi? Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katikati ya karne ya 19, ni mama anayemwelekeza binti yake afanye nini, kwa nani, na kwa namna gani. Shaaban Robert, mtoto wa mkoa huu, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alimtungia mwanawe Utenzi wa Adili, naye alikuwa karani wa forodha aliyejua nyaraka za kazi ni nini. Watu hao hawakuona kwamba mawaidha yanaishusha tungo. Walitumia mizani kwa sababu mizani hukumbukwa, na kinachokumbukwa huokoa.

Tazameni hata neno lenyewe la kazi hii. Wengine huandika *maagizo ya kazi*, wengine *maelezo ya kazi*, wengine *maelekezo ya kazi*, kana kwamba ni mamoja. Si mamoja. Agizo hutoka juu, na anayeagiza hana haja ya kujua kama umeelewa. Maelezo hukupa habari ya kitu, kisha hukuacha nayo. Kuelekeza ni kumfanya mtu aelekee: unamgeuza uso, unakaa upande wake, mnatazama kitu kile kile. Mimi nachagua *maelekezo*, na nasema kuwa picha peke yake haielekezi. Huonyesha tu. Wa kuelekeza ni neno.

Nisije nikaonekana natoa amri kisha nimekaa pembeni, nimejaribu mwenyewe. Hatua ile ya picha ya tatu, iliyomdanganya kijana, nimeitunga kwa mizani nane, ibandikwe chini ya picha au isomwe kwa sauti mwanzo wa zamu:

Mashine zima kamili,
swichi itie kufuli,
funguo si ya wawili,
mfukoni mwako tia.

Ngoja na mikanda yote
isimame, isivute,
mkono usiulete
kabla haijatulia.

Kifuniko weka chini,
nati tia kikoponi,
moja isibaki ndani,
ndipo kazi waingia.

Si tungo ya kushindania tuzo, na mwenye kuona kasoro aisahihishe, nitamshukuru. Lakini angalieni inafanya nini. Picha tatu zingeweza kuonyesha kufuli, mkanda na kikopo. Hakuna picha ambayo ingesema *si ya wawili*, yaani kwamba aliye ndani ya mashine ndiye pekee anayeshika ufunguo wa kuiwasha. Hakuna picha ambayo ingesema *kabla haijatulia*. Na kijana akiisikia asubuhi tatu, siku ya nne ataisema mwenyewe, hata umeme ukikatika na kioo kikazimika. Kumbukumbu ya moyoni haihitaji jalada, wala haitenguki mtu akibadili jina la folda.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Kwa wenye viwanda: msiidhinishe hatua yenye picha isiyo na Kiswahili chake, na anayeandika Kiswahili hicho asimame kwanza mbele ya mashine, akae zamu nzima na wanaoitumia, kisha amsomee mgeni wa wiki moja na kumwuliza ameelewa nini. Kwa vyombo vyetu vya lugha, BAKITA ikiwa ya kwanza: pamoja na orodha za istilahi, tupeni mifano ya sentensi za kazi, maana fundi haumizwi na nomino, huumizwa na kitenzi kisichosemwa. Na kwenu washairi: kila mmoja wenu ana jamaa anayefanya kazi kiwandani, kwenye korona ya mkonge, kwenye saruji, kwenye maziwa, kwenye chai. Mwulizeni jioni hii ni hatua ipi ya kazi yake anayoiogopa. Itungeni. Mpeni kesho aende nayo.

Nilirudi kwa kijana yule kabla sijaondoka kiwandani. Nilimwambia maana ya ile X. Alinyamaza kidogo, akautazama mkono wake, kisha akaniuliza swali ambalo hadi leo sijapata la kumjibu: "Sasa Mzee, kama walijua, mbona hawakusema?"